Simu ya Nne Ndiyo Inayoua

Baba yangu aliacha kuogopa simu kwa sababu yangu. Nasema mapema ili asitafutwe mwingine wa kulaumiwa. Wanaonijua hawataamini, maana mimi nikiulizwa swali darasani najibu kwa sauti ambayo hata daftari langu halisikii. Mwalimu wa zamu aliwahi kuniandika "hayupo" nikiwa nimesimama mbele yake. Lakini ndivyo ilivyokuwa: mara moja katika maisha yangu nilifungua mdomo mbele ya mtu mzima kumrekebisha, na matokeo yake nusura mtu aende kuzikwa na baiskeli yake.

Baba ni dereva wa Fuso la kubebea pamba. Zamani aliendesha gari la ushirika, na wakati huo, anavyosimulia mama, pamba ndiyo iliyosubiri gari. Ilikaa ghalani mpaka panya wakazaa humo, wakawalea watoto, wakawaoza. Halafu soko likafunguliwa. Kampuni zikaja, kila moja na mizani yake na makarani wake, na sasa gari ndilo linaloikimbilia pamba, kwa sababu ukichelewa kijijini unakuta mwenzako ameshapakia na mama wa nyumba ameshanunua bati. Mkulima akawa huru kumuuzia yeyote. Baba naye akawa huru kupigiwa simu saa yoyote.

Mpigaji mkuu ni bosi wake, ambaye anakaa Mwanza na sijawahi kumwona. Namjua kwa sauti tu, inayotoka kwenye simu ikiwa kubwa kiasi kwamba hata aliyekaa dirishani anashiriki mazungumzo. Hasalimii. Anaanza na "Uko wapi?" Baba akijibu yuko Dutwa, yeye anasema, "Bado Dutwa tu?" kama vile kuwa Dutwa ni tabia mbaya ambayo baba alishaonywa kuiacha.

Basi mwezi wa sita, nikiwa nimefunga shule, madereva wote wa Bariadi wakaitwa stendi kufundishwa usalama barabarani. Mimi nilipita hapo na mama tukitoka sokoni, tukasimama nyuma. Afande alikuwa na karatasi. Jua lilikuwa kali na spika ilikoroma, lakini maneno yalisikika vizuri kabisa: dereva anayeongea na simu huku akiendesha, hatari yake ya kupata ajali ni mara nne.

Halafu dereva mmoja wa basi akanyoosha mkono.

"Afande, hizo mara nne ni kwa siku au kwa safari?"

Afande alimtazama. Nadhani alikuwa amesimama juani tangu asubuhi bila hata maji ya kunywa.

"Kwa vyovyote vile," akasema, akafungua ukurasa mwingine.

Kwa vyovyote vile. Mafunzo yakaishia hapo, mengine yote madereva waliyamalizia wenyewe pembeni kwenye kibanda cha chai, na mama alikuwa anaongea na mtu kwa hiyo nikasikia yote.

"Maana yake utapata ajali nne," alisema mmoja mwenye kovu kwenye nyusi. "Mimi nimeshapata mbili. Nimebakiza mbili nistaafu."

"Wewe umeziharakisha," akajibiwa. "Mimi hata moja sijaigusa. Ninazo zote nne nyumbani."

"Acheni ujinga," akasema dereva wa basi, kwa sauti ya mtu aliyeuliza swali rasmi na kwa hiyo ndiye mwenye jibu. "Afande amesema mara nne. Ukiongea mara moja, hakuna kitu. Mara ya pili, hakuna kitu. Mara ya tatu, jiangalie. Mara ya nne ndiyo hatari yenyewe. Simu ya nne ndiyo inayoua."

Wakatikisa vichwa. Lilikuwa na mantiki, ndilo lililokuwa baya zaidi. Hata dawa za hospitali tunazijua hivyo: mara tatu kwa siku, usizidishe.

"Na bipu?" aliuliza baba yangu. Ndiyo, baba yangu mwenyewe. "Mtu akibipu inahesabiwa?"

Walijadiliana sana hapo, kuliko walivyojadiliana suala la breki. Mwishowe wakakubaliana kwamba bipu haihesabiwi kwa kuwa hukupokea.

Kuanzia kesho yake baba akawa na mbegu tatu za pamba mbele ya usukani, juu ya dashibodi. Akipokea simu, anatupa moja dirishani. Mbegu zikiisha, anazima simu na kuitia chini ya kiti, kwa uangalifu, kama anayeficha kitu chenye meno. Kurudi, anaweka nyingine tatu, maana kurudi ni safari nyingine.

Nitasema ukweli: mwanzoni niliona nafuu. Simu tatu ni chache kuliko kumi na mbili. Ningeweza kunyamaza, na kunyamaza ndicho kipaji changu. Lakini nilipanda naye siku mbili tatu kupeleka mzigo wa mama Dutwa, nikaona kitu kilichonikosesha raha. Zile simu tatu za mwanzo baba alizipokea kwa amani kubwa kuliko zamani. Zamani akipokea alipunguza mwendo, macho mbele, anajibu kifupi. Sasa alikuwa na kibali. "Hii ni ya kwanza," ananiambia, anaegemeza kichwa begani kuibana simu, anacheka na bosi, analipita basi kwenye kona. Kwa kuwa ya kwanza haina neno.

Jumapili tumetoka kanisani, tunakula mchana, nikasema. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi tangu kwenye ibada, wenzangu wanaimba na mimi napanga maneno.

"Baba, mara nne siyo simu nne."

Mama aliacha kutafuna. Nadhani hakuwa amenisikia nikianzisha mazungumzo tangu nilipokuwa darasa la tano.

"Unasemaje?"

"Afande hakumaanisha simu ya nne. Alimaanisha kuzidisha. Hatari inazidishwa kwa nne. Hata kwa simu ya kwanza."

Baba hakukasirika. Angekasirika ningenyamaza, yakaisha. Yeye aliweka tonge chini, akafuta mkono, akanigeukia kwa heshima anayompa mtu wa ofisini.

"Kuzidisha. Sawa. Tunazidisha nini?"

"Ajali."

"Mimi naendesha tangu hujazaliwa. Nimeshagonga nini?"

Nikafikiri. "Hujagonga."

"Hata kuku?"

"Hata kuku," akasema mama, kwa sababu hiyo ndiyo sifa yake baba, na mama huwaambia hata wageni.

"Kwa hiyo ajali zangu ni ngapi?"

"Sifuri."

"Sifuri mara nne?"

Nilijua jibu. Kila mtu pale mkekani alilijua, hata mdogo wangu wa darasa la pili, ambaye alishafungua mdomo kunisaidia.

"Sifuri," nikasema.

"Wabeja, asante, mwalimu," akasema baba, akarudi kwenye ugali. "Ada haiendi bure."

Jibu sahihi lilinijia saa mbili baadaye, nikiwa chooni, mahali ambapo majibu yangu yote sahihi hunikuta. Kwamba mtu ambaye hajagonga siyo mtu mwenye sifuri, ni mtu ambaye hajagonga bado. Nikalisema vizuri sana, kwa sauti kamili, na ukuta wa choo ukaelewa.

Kesho yake dashibodi ilikuwa imefagiliwa. Mbegu hakuna. Baba alimweleza hata yule wa basi, na nasikia hesabu ya sifuri ikazunguka stendi nzima kwa siku mbili, kila mwenye rekodi safi akawa hana mpaka. Wenye ajali tu ndio waliobaki na wasiwasi: yule wa kovu alizidisha mbili kwa nne akaenda kulala mapema. Mimi nilikuwa nimeondoa breki pekee iliyokuwepo, kwa kutumia elimu.

Wiki hiyo baba alikuwa anakwenda kuchukua pamba upande wa Nassa, na mama alitaka kumwona dada yake aliyejifungua huko. Tukapanda wote watatu mbele, mimi katikati, magoti yamekwepa gia. Kufika Dutwa bosi alikuwa ameshapiga mara tano. Nilihesabu kwa sababu sikuwa na kazi nyingine zaidi ya kuogopa.

Ya sita ilikuja mbele kidogo ya Dutwa, kwenye ile barabara ya vumbi, mashamba huku na huku. Mbele yetu alikuwepo mzee mmoja juu ya baiskeli, amefunga furushi la pamba nyuma, kubwa kiasi kwamba kutoka nyuma humwoni mtu, unaona wingu linalokanyaga pedali.

"Niko karibu, bosi," alikuwa anasema baba. "Karibu kabisa. Hapana, hao wengine hawajafika. Nakuambia haw—"

Mama alisema jina la baba. Halisikiki sana nyumbani, jina hilo, maana hamwiti kwalo. Baba akainua macho, akakata usukani. Kioo cha pembeni kikalisukuma lile furushi, na baiskeli, na mzee, na pamba yote ikashuka kwenye mtaro na kuingia kwenye shamba la mahindi la mtu.

Tulisimama mbele sana, na baba akashuka akakimbilia kwenye mahindi. Nikageuka nikaona kwenye kidirisha cha nyuma mahindi yanatikisika. Kisha mzee akatokea, ameshika kofia, mweupe kwa pamba, akaanza kututukana kwa Kisukuma. Alikuwa fasaha. Alianza na gari, akaja kwa baba, akarudi nyuma mpaka kwa babu ambaye mimi sikuwahi kumkuta hai. Baba akamsaidia kukusanya na kufunga upya, akaomba radhi, akarudi amejaa vumbi mpaka kope. Aliwasha gari.

"Ameumia?" aliuliza mama.

"Mkwaruzo kwenye kiwiko."

Kisha, baada ya kama kilometa moja, baba akanitazama kwa pembe ya jicho.

"Hiyo haikuwa ajali," akasema. "Bado ni sifuri."

Simu ikaita tena. Mimi nilifumba macho, lakini nikahisi gari linapunguza mwendo, linakwenda pembeni, linasimama kabisa. Breki ya mkono ikavutwa. Injini ikazimwa. Nikafumbua. Baba alikuwa amevua kofia, anafungua mlango, anashuka. Alitembea mpaka ukingoni mwa shamba, akatugeuzia mgongo, akainama kidogo.

"Mwangaluka, mayu," akaamkia kwa Kisukuma: habari za asubuhi, mama.

Aliyepiga alikuwa bibi yangu wa Shishiyu, mama yake mama. Mjomba alikuwa amempa simu, naye akaanza kupiga kuulizia watu wote walio hai.

Inabidi mjue kwamba kwetu mwanamume hakutani hivi hivi na mama mkwe wake. Akimwona njiani anapisha, hata kama kupisha ni kuingia kwenye miiba. Hawali pamoja, hawatazamani. Baba ameoa miaka yote hii na akiulizwa bibi ana sura gani atakuambia habari za ndala zake. Sasa simu ikaleta tatizo ambalo wazee hawakuliwekea utaratibu: sauti ya mama mkwe inaingia moja kwa moja sikioni, umepisha wapi? Baba akajitungia utaratibu wake. Anasimama, anazima, anavua, anashuka, anageuka asitazame upande wa Shishiyu. Ndipo anapokea.

Nilimtazama pale shambani, kofia mkononi, mtu yule yule ambaye dakika chache nyuma alimpeleka mzee wa watu kwenye mahindi. Bibi aliulizia ng'ombe, mvua, na kikohozi cha mdogo wangu. Baba alijibu yote hayo akiwa amesimama kwa miguu miwili juu ya ardhi ya Tanzania, na hakuna aliyegongwa.

Nassa, mchana, baba alinipa simu yake niingize vocha, maana namba zile huwa zinamchanganya. Mimi ndiye niliyemwandikia majina yote humo. Niliingiza vocha. Kisha nikaenda kwenye "Bosi", nikafuta, nikaandika "Mama Mkwe". Simu ikakataa, ikasema jina hilo lipo. Nikaweka nukta mwishoni. Ikakubali. Nikairudisha simu kama niliyeiba, na sidhani kama kuna neno jingine.

Tuliondoka kesho yake asubuhi, gari limejaa pamba hadi juu ya kichwa. Hatukufika mbali. Simu ikaita, baba akatazama kioo cha simu, akakanyaga breki. Pembeni, breki ya mkono, injini, kofia, mlango. Mama akasema, "Mama leo kaamka mapema."

Baba alikwenda mpaka kwenye nyasi, akageuka, akainama.

"Mwangaluka, mayu."

Halafu akanyooka.

"Hapana, bosi," nikamsikia. "Hapana, sijanywa. Saa mbili asubuhi, bosi, nitakunywa wapi?"

Alirudi taratibu, anaigeuza simu mkononi kama aliyeuziwa ndizi mbovu.

"Mama anasemaje?" aliuliza mama.

"Anauliza niko wapi," alisema baba. "Na anataka gari lifike kabla ya saa sita."

Mama akafikiri. "Mama yangu?"

"Simu imeharibika," akasema baba, akawasha gari.

Mimi nilikuwa naangalia mbele kwa bidii ambayo sikuwahi kuionyesha kwenye somo lolote. Ikaita tena. Jina lile lile. Niliona mkono wa baba ukienda, ukasita. Hapo ndipo nilipomwona baba yangu akipiga hesabu ya uwezekano, ile ambayo shuleni tulifundishwa kwa Kiingereza kwa kutumia mfuko wenye mipira myekundu na myeupe, ambayo hakuna mtu Bariadi aliyewahi kuitia mfukoni ili aitoe bila kutazama. Pengine ni bosi. Karibu hakika ni bosi. Lakini kama ni yule mwingine, halafu yeye akasema "Eeh, nini tena" amekaa kwenye kiti na kofia kichwani? Hata mara moja katika mia? Hata mara moja katika maisha?

Akasimama. Akashuka. "Mwangaluka, mayu." Bosi tena.

Mpaka tunaingia Bariadi alikuwa amesimama mara sita. Sita zote alikuwa bosi. Na kila mara alivua kofia.

Hakuniuliza njiani. Alishusha mizigo ya mama, akaegesha, akanawa uso, kisha akaniita nje, kwenye benchi. Aliweka simu katikati yetu.

"Majina humu anaandika nani?"

Jibu alilijua.

"Bosi amenisalimia leo kwa kuniuliza kama kuna msiba nyumbani. Anasema nimekuwa na adabu ya kutisha." Akakohoa. "Rudisha jina la mtu."

Nilichukua simu. Nilikwenda mpaka kwenye jina, na kidole kikagoma. Nilikuwa nalia, nafikiri, ingawa siyo kwa sauti, mimi hata kulia kwangu hakusikiki.

"Baba," nikasema. "Yule mzee wa baiskeli."

"Alikuwa na furushi kubwa mno."

"Lingekuwa dogo kidogo tu, kioo kingempata kichwani. Siyo sifuri. Ni hujagonga bado."

Hilo lilikuwa jibu langu la chooni, limefika siku tano baada ya kuhitajika. Nilisubiri aulize tena hesabu. Hakuuliza. Alikuwa anatazama Fuso, kile kioo cha pembeni, ambacho nyuzi za pamba zilikuwa bado zimenasa kwenye mkono wake wa chuma. Hakuna aliyekuwa amezitoa.

"Nimemkuta amekaa, unajua," alisema mwishowe. "Kwenye mahindi. Nilipofika alikuwa amekaa tu, hajanitukana bado. Anajipapasa kichwa kuona kama kipo. Nyinyi hamkuona hilo."

Nikasogea karibu naye kwenye benchi.

"Na bosi leo alisubiri," akaendelea. "Mara zote sita. Mimi nashuka, natembea, navua kofia, na yeye yuko hapo hapo. Au inakatika anapiga tena. Hakufa. Hakunifukuza. Miaka yote nadhani nikichelewa kupokea dunia inasimama."

Nilikuwa bado nimeishika simu, kidole juu ya jina, nasubiri amri.

"Acha," akasema. "Acha hivyo hivyo. Lakini ole wako stendi wasikie."

Mama alikuwa mlangoni, na sufuria, na ni wazi alikuwa hapo tangu mwanzo.

"Sasa mama akipiga kweli utamjuaje?"

"Sitamjua," alisema baba, akivaa kofia. "Ila nitakuwa nimeshasimama."